Kura Kumi na Moja za Doring

Santa Rufina, Iloilo
20 Oktoba 2018

Dada yangu Remedios,

Natumaini barua hii itakukuta huko Milano ukiwa mzima, na yule bibi unayemtunza hajakuchosha kupita kawaida yake. Sisi hapa hatujambo. Jovita, binti wa marehemu kaka yetu, bado ananipikia uji wa wali kila asubuhi na bado anasahau tangawizi. Paa la jikoni limezibwa. Mbwa wa jirani amezaa watoto sita chini ya kitanda changu, nami sikuulizwa. Koo langu ni lile lile. Tangu madaktari waondoe walichoondoa, sauti haijarudi na haitarudi, kwa hiyo nazungumza kwa penseli. Jovita anasema ningekutumia ujumbe kwa simu. Nikamwandikia kwamba mtu aliyefundisha mwandiko miaka thelathini na minane hawezi kumaliza maisha yake akibonyeza kwa kidole gumba. Daktari naye ameniambia, kwa adabu nyingi, nisijisumbue kutafuta kalenda ya mwaka 2020.

Sasa habari yenyewe. Doring anagombea umeya!

Jumatano alikwenda kujiandikisha, amevaa shati la sherehe la nyuzi za mananasi, rangi ya papai, na nyuma yake wanawake wote wa sokoni wakipiga masufuria. Kijana wa redio akamwekea kipaza sauti mdomoni: "Naibu Meya, mji huu uko tayari kuwa na meya shoga?" Doring akamtazama kama anayemtafutia mtindo wa nywele. Akasema, "Mwanangu, mji huu ulikuwa tayari kunyolewa na shoga, kuolewa kwa gauni la shoga, na kuzikwa umepakwa poda na shoga. Kilichobaki ni kutia saini tu." Nilicheka bila sauti mpaka Jovita akadhani ninakufa.

Dada, nilifundisha watoto wa mji huu habari za mashujaa waliopigwa risasi. Picha zao zilikaa juu ya ubao wangu maisha yangu yote ya kazi. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuja kunikata nywele. Doring huja kila Jumamosi ya pili, na mkoba wake wa mikasi, naibu meya mzima, akanifunga shuka shingoni na kunipa umbea wa baraza la mji. Wewe hukuwepo mwaka wa mafuriko. Miili ilipoletwa ukumbini imejaa matope, madiwani wengine walisimama mlangoni na leso puani. Doring aliingia na ndoo. Aliwaosha, akawachana, akawapaka, mmoja mmoja, ili mama atakayefunua shuka aone uso wa mwanawe. Siku tatu. Hakuna aliyemwita jina baya siku zile, na walioanza tena baadaye waliona aibu wenyewe.

Kuna jambo nililomfanyia mwaka 1995, naye halijui. Nataka kumwambia kabla sijaondoka. Naogopa kwamba nikimwambia, Jumamosi yangu itapita bila mtu. Wewe ulikuwepo. Unaukumbuka uchaguzi ule?

Kaka yako,
Severino

*

Milano
25 Novemba 2018

Kaka Severino,

Posta yenu imeitembeza barua yako mwezi mzima, nadhani imepitia kwa kila shangazi njiani. Nashukuru mko salama. Watoto wa mbwa wapewe watu kabla hawajafungua macho, maana Jovita akishawapa majina mmekwisha. Mimi magoti yananiuma ngazini, mengine salama. Mjukuu wangu Fiorella amepata meno mawili na ananing'ata kwa hayo mawili. Bibi Ornella ametimiza miaka tisini na mitatu na bado ananikagua vumbi juu ya kabati kwa kidole.

Nimembandika Doring jikoni kwa bibi, ile picha ya shati la papai uliyoitia kwenye bahasha. Bibi akauliza, "Huyu bwana mzuri ni nani?"

Nikasema, "Meya wangu, Mungu akipenda."

"Ana mke?"

"Hana, bibi, wala hatakuwa naye. Anapenda wanaume, na mji mzima unajua, kwa sababu aliutangazia mwenyewe."

Akafikiri, akafuta midomo. "Basi hana wa kumgombeza akichelewa vikaoni. Atafanya kazi huyo."

Kanisani nimewaambia Wafilipino wote. Wengine walinuna. Nikawaambia wanionyeshe diwani wa kwao aliyewahi kuosha maiti.

Ya mwaka 1995 yaache, Kaka. Doring alikosa kiti kwa kura saba, akakipata mwaka 1998, basi. Wale wanawake waliobusu karatasi za kura wameshachekwa vya kutosha. Puring wa samaki wakavu hakuwa amefanya kosa lolote duniani, na bado watoto walikuwa wakipita mezani kwake wakimpigia mabusu hewani. Sitaki kuzungumza habari zile. Usiniulize tena.

Nimekuwekea soksi za sufu. Najua kwenu ni joto. Vaa tu.

Remedios

*

Santa Rufina
4 Januari 2019

Dada mpendwa,

Heri ya mwaka mpya kwako, kwa Fiorella na meno yake, na kwa bibi Ornella ambaye naona tungeelewana. Soksi nimezivaa siku ya Krismasi, miguu ikatoka jasho kama iko kikaangoni. Watoto wa mbwa wameshapewa majina. Mmoja anaitwa Naibu.

Umenikataza nisiulize. Siulizi. Naeleza mimi, na nitaandika yote, hata unayoyajua, ili nisipate pa kujificha.

Mwaka 1995 Doring alikuwa na saluni karibu na soko na miaka thelathini na minne. Hakuna mtu wa namna yake aliyewahi kuomba kura mjini kwetu. Alisimama juu ya kreti la soda akasema, "Mimi ni shoga, na barabara ya soko ina mashimo. Lipi kati ya hayo mawili linawavunja miguu?" Viti vya udiwani vilikuwa vinane.

Siku ya kupiga kura wanawake wa soko walipitia saluni kwake, akawapaka wote rangi ya mdomo, nyekundu ya Mei, ile wanayopaka siku ya maandamano ya maua ya kanisa, ili waende kituoni kama malkia. Mimi nilikuwa msimamizi wa chumba namba kumi na nne, katika darasa langu mwenyewe. Saa tisa tukafunga, tukaanza kuhesabu jinsi tulivyohesabu zamani: mimi natoa karatasi sandukuni na kusoma kwa sauti kila jina lililoandikwa kwa mkono, Bi Tupas wa darasa la pili anachora vijiti ukutani, vinne vimesimama na cha tano kinavikata. Mawakala wa wagombea wamejazana madirishani, shingo ndefu kama mabata.

Karatasi moja ikatoka na mdomo. Mdomo kamili, Dada, wa juu na wa chini, mwekundu, kando ya jina la Doring. Waliibusu karatasi kama wanavyobusu upindo wa vazi la mtakatifu kanisani, ndivyo wanawake wetu wanavyoombea kitu kifanikiwe. Wakala mmoja akapiga kelele, "Alama! Ina alama hiyo, ifutwe!"

Mwanamke mmoja nje akamjibu, "Alama gani? Hayo ni mapenzi, hujawahi kuyaona?"

Watu wakacheka. Bi Tupas akanigeukia, penseli juu. "Mwalimu, nichore?"

Kijitabu cha kanuni kilikuwa mfukoni mwangu na chote kilikuwa kichwani. Karatasi iliyowekwa alama ili mpiga kura atambulikane ni batili. Alama nyingine yoyote haina neno, kura ihesabiwe. Na mdomo ule ungemtambulisha nani? Wote walipakwa rangi moja, kwa mkono mmoja, asubuhi moja. Kura ilikuwa halali. Nilijua ni halali kama ninavyojua jina langu.

Nikasema, "Batili."

Nililisema mara kumi na moja. Doring alikikosa kiti cha nane kwa kura saba.

Mji ukasema wanawake kwa ujinga wao wamemwangusha. Mimi nikasema kanuni ni kanuni, wakaniheshimu zaidi. Puring alitolewa kwenye chama cha kina mama cha kanisa miaka sita, kwa kuwa mume wake alikuwa wakala na akaapa ameutambua mdomo wa mkewe. Hakuna awezaye kuutambua. Nilijua hilo pia, nikanyamaza.

Niliogopa. Ndiyo sababu. Doring bado sijamwambia.

Severino

*

Milano
10 Machi 2019

Kaka,

Sisi wazima.

Barua yako ilifika mwisho wa Januari. Niliisoma nikaitia kwenye droo ya vijiko. Kila nikichukua kijiko naiona. Wiki sita nimekoroga kahawa kwa uma.

Sasa na mimi nikuambie. Busu lilikuwa wazo langu. Tulikuwa tumepanga mstari nje ya shule, mimi, Puring, Nena muuza mboga na wengine, nikawaambia, "Mkishamwandika, mbusuni, mtakatifu atasikia." Mimi nilitangulia. Karatasi ya kwanza uliyoishika, mdomo ule ni wa dada yako. Ulimsomea batili dada yako.

Miaka ishirini na minne nimejua kwamba mimi ndiye niliyemnyima Doring kiti na kumtia Puring aibuni. Kwa nini nilikuja huku mwaka uliofuata? Mlisema Remedios ana tamaa ya kuona theluji. Nilikuwa siwezi kupita mbele ya meza ya samaki! Nilimwacha mwanangu na miaka tisa, Kaka. Na wewe ukanisindikiza uwanja wa ndege, ukanibebea sanduku, ukaniambia, "Jitunze, usisahau kuandika." Ungeniambia maneno matatu tu, "kura zilikuwa halali", ningegeuka na lile sanduku pale pale.

Nimelia, nimevunja sahani moja ya bibi Ornella. Aliuliza nani kafa. Nikasema hakuna, kaka yangu ameniandikia. Akasema, "Afadhali angekufa," halafu akanipa sahani nyingine nivunje. Ndipo nikacheka, nikakasirika kwamba nimecheka.

Na bado hujasema. "Niliogopa." Uliogopa nani? Wakala? Wewe uliyemfukuza mkaguzi wa wilaya darasani kwako kwa kuvuta sigara? Usinifanye mtoto.

Mwambie Doring. Wakati bado anaweza kukujibu na wewe bado unaweza kumsikia.

Remedios

*

Santa Rufina
2 Aprili 2019

Dada yangu,

Sina haki ya kukusalimu kwa maneno mazuri, kwa hiyo nakusalimu tu. Nimepungua kilo tatu. Uji unapita taratibu. Naibu amekula soksi moja.

Barua yako nimeisoma mara nyingi kuliko kitabu chochote nilichowahi kufundisha. Sikujua. Karatasi ile ya kwanza niliishika kwa vidole viwili. Samahani ni neno dogo, nami sina sauti ya kulikuza.

Umeuliza niliogopa nani. Unamkumbuka Anselmo, mwalimu wa hisabati, tuliyepanga naye nyumba ya Mtaa wa Rizal miaka kumi na tisa, mpaka kifo chake. Tulisema tunapunguza gharama. Hatukuwa tunapunguza chochote. Nilimpenda, naye alinipenda, tukaishi madirisha yamefungwa katika mji wenye joto kama huu. Doring aliposimama juu ya lile kreti na kusema kwa sauti kile nilichokuwa nikikificha, nilimwona shujaa, na nikamchukia kidogo. Ukatoka mdomo wa kwanza, mawakala wote wakanitazama mimi. Nikawaza: nikiihesabu, watasema mwalimu anamtetea mwenzake. Basi nikajiokoa kwa kura za watu wengine. Ni hilo tu. Limenichukua miaka themanini na mmoja kuliandika.

Doring nimemwambia. Niliandika yote kwa kurasa mbili, na Anselmo katika mstari wa mwisho, nikampa Jumamosi tarehe 16 Machi, shuka shingoni, akiwa ameshamaliza upande wa kushoto. Akasoma amesimama, mkasi mkononi. Akasoma tena. Akakunja karatasi, akaitia mkobani, akaondoka. Dada, alinifungua hata shuka, kwa adabu, lakini upande wa kulia aliuacha hivyo hivyo. Siku tisa nimekaa nusu mwanafunzi, nusu mwendawazimu. Jovita alitaka kumalizia, nikakataa. Niliona inanistahili.

Siku ya kumi akarudi, bila umbea. "Nimekuja kumaliza kulia," akasema. "Sikuja kwa lingine." Akashika mkasi, akakata. Halafu akaanza kuongea na kisogo changu.

"Miaka mitatu, Mwalimu. Ule mtaro wa soko ungefunikwa miaka mitatu mapema. Nena asingevunjika nyonga humo. Mimi mwenyewe sina shida, mimi nilishinda baadaye. Wale wanawake je, walishinda lini? Mimi nimewatania! Mimi, Doring! Kila kampeni nawaambia, 'Mabibi, safari hii midomo kaeni nayo nyumbani,' na wao wanacheka kwa sababu nimewazoeza kucheka."

Nikaandika: Nifanye nini?

"Uwaambie. Uwanjani, kwenye mkutano wa mwisho wa kampeni."

Nikaandika: Sina sauti.

"Ninayo mimi. Naisoma neno kwa neno, na chama changu wakizirai wazirai." Akanigeuza kiti, akanitazama usoni kwa mara ya kwanza. "Isipokuwa mstari wa mwisho, ule wa Anselmo. Huo wako. Ukisema niuruke, nauruka, na hakuna atakayejua."

Nikaandika: Nipe muda. Nimetaka wewe ujue kwanza. Nisipousoma, itakuwa mzee alikosea kanuni. Nikiusoma, kila mtoto niliyemfundisha atajua mwalimu wake alikuwa nani. Mkutano ni tarehe 11 Mei. Niambie nifanyeje.

Severino

*

Milano
19 Aprili 2019, Ijumaa Kuu

Kaka,

Nimelipia posta ya haraka, kwa hiyo hakuna nafasi ya magoti yangu.

Mama alimtengea Anselmo sahani kila Krismasi. Kwenye arobaini yake alikushonea wewe kitambaa cheusi cha mkono, si cha rafiki, kile cha mjane. Wewe ukadhani ni nini, mitindo? Mlifunga madirisha bure, wawili nyinyi. Mngepata hewa.

Usiuruke ule mstari. Ukiuruka, wanawake watabaki wakijiuliza kwa nini, na watu wakijiuliza huwa wanajaza wenyewe. Wape lote. Na usome na wangu, nimeuandika nyuma ya karatasi hii: *Mimi Remedios nilibusu wa kwanza na niliwaambia wenzangu wabusu.* Doring asiubadilishe hata nukta.

Jovita asimame mbele na simu, nataka kuona. Nimemwomba bibi Ornella ruhusa, amesema anaangalia na yeye.

Sijaacha kukukasirikia. Nakukasirikia mchana, jioni napumzika.

Dada yako,
Remedios

*

Santa Rufina
14 Mei 2019

Dada!

Ameshinda. Kwa kura mia nne na sita! Salamu utazikuta mwisho nikibaki na nguvu. Mji haujalala, masufuria yote ya soko yamepinda. Jovita ameniambia simu yake ilizimika katikati ya mkutano na kwamba wewe na bibi mmetukana kwa lugha mbili, kwa hiyo nakuandikia uliyoyakosa.

Ulikatikia pale Doring alipofungua karatasi. Saa kumi jioni, uwanja umejaa, mimi kwenye kiti cha plastiki jukwaani, nywele zimekatwa sawa pande zote. Wakubwa wa chama walikuwa wamemzunguka chini ya ngazi. "Utapoteza kura za kanisa!" mmoja akamwambia, nilimsikia. Doring akamjibu, "Za kanisa zilibusu mwaka tisini na tano, kaka, nenda kaulize," akapanda.

Alisoma kama ninavyosoma mimi, bila haraka, akitua kwenye nukta. Alipofika "kura zilikuwa halali, zote kumi na moja", wanawake wa soko wakashusha masufuria yao chini. Akasoma mstari wako. Nena akapiga yowe kwa jina lako la sokoni, "Meding! Nilijua ni Meding!" Kisha akafika mwisho, akanigeukia. Nikainua kidole kumruhusu, kama ninavyomruhusu mtoto asome. Akausoma mstari wa Anselmo.

Nilitazama viatu vyangu. Kisha mtu mmoja mbele akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mwalimu Anselmo ndiye aliyenifundisha kugawanya." Mwingine akasema, "Na mimi." Nena akasimama kwa ile nyonga yake mbovu, akashika kiuno. "Mapenzi yake ni yake! Mimi nataka kujua habari ya kura zangu! Miaka ishirini na minne naambiwa mjinga, Mwalimu! Shuka hapo!"

Walicheka, Dada, lakini hakuwa akitania. Nilishuka. Jovita kanishika mkono huku, Doring huku. Kumi na moja walikuwa, watatu wamekufa, wewe uko Milano. Saba walisimama mstari mbele ya jukwaa, na mimi nikapita mbele ya kila mmoja na daftari langu, nikaandika jina lake na chini yake: *Kura yako ilikuwa halali.* Nikatia saini kama tulivyotia saini fomu za matokeo. Nena akaing'oa karatasi yake, akaitia kifuani. "Nitaifremu," akasema. "Nitaiweka juu ya choo cha yule wakala." Akanikumbatia mpaka mbavu zikalia. Wengine walilia, wengine wakanifinya shavu, mmoja akaniambia nimekonda na atanitumia supu.

Puring alikuwa wa mwisho. Alisoma karatasi, akaikunja mara nne. "Miaka sita nilisimama nyuma ya kanisa," akasema. Hakupaza sauti. "Mume wangu alikufa akiamini ameniona." Nikaandika samahani, nikampa penseli nisijue nifanye nini na mkono. Akanirudishia penseli. "Nitafikiri," akasema. "Baada ya uchaguzi." Akaenda zake.

Jana tulipiga kura. Siku hizi tunajaza viduara kwa wino na mashine inameza karatasi, hakuna mwalimu anayesoma kitu. Kituo changu ni shule ile ile. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi, na mlangoni kuna ngazi tatu za saruji. Jovita alikuwa ameenda kututafutia mstari wa wazee. Nikasimama chini ya ngazi zile na fimbo yangu, nisiweze kupanda wala kuita mtu.

Nikasikia harufu ya samaki wakavu nyuma yangu. Sikugeuka.

"Sijakusamehe, Mwalimu," akasema Puring.

Nikaitikia kwa kichwa kwamba nimesikia.

Watu wakarundikana nyuma yetu. Kisha mkono wake ukanikamata kiwiko, kwa nguvu, kama anayebeba kapu.

"Panda," akasema. "Watu wanasubiri kupiga kura."

Nguvu zimebaki kidogo, kwa hiyo pokea salamu zote mara moja, wewe na Fiorella na bibi.

Kaka yako akupendaye,
Severino